Mwalimu wa kuogelea wa Bububu anayesikiliza kikohozi

Alasiri imeshaswaliwa, na maji ya Bububu yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mivinje. Bi Salhiya Simai amesimama baharini, maji yanamfika kifuani, ushungi wake umefungwa fundo nyuma ya shingo. Pembeni yake watoto watatu wanaelea, kila mmoja amekumbatia dumu tupu la mafuta ya kupikia lililotiwa kamba.

Macho yake hayako kwa watoto hao. Yako ufukweni.

Pale pwani amesimama mwanamke wa miaka arobaini na moja, amevaa suruali pana na gauni refu, mawimbi yanamlamba vifundo vya miguu. Anaitwa Nurbanu. Yeye na mumewe, Abizer, wana duka la vitambaa na vifungo Mkunazini, Mji Mkongwe. Amezaliwa na kukulia mjini hapo hapo, na katika umri wake wote hajawahi kuingia baharini zaidi ya alipo sasa.

“Njoo, Bi Nurbanu. Bahari haing’ati,” anaita Salhiya.

“Haing’ati, inameza,” anajibu Nurbanu, wala hasogei.

Watoto wanacheka. Anayecheka zaidi ni msichana aliyebaki mchangani, mkavu, dumu lake kwapani. Kicheko chake kinakatizwa na kikohozi kizito, kikohozi cha mtu mzima ndani ya kifua cha mtoto wa miaka tisa. Huyo ni Naznin, binti wa Nurbanu. Salhiya anakisikiliza kikohozi hicho mpaka kinakwisha, ndipo anaendelea kuita.

Naznin ana hamu ya maji kama bata, lakini leo haruhusiwi kuingia mpaka mama yake aingie kwanza na aweze kujielea mwenyewe. Hilo ni sharti la baba. Mara mbili Nurbanu amekuja Bububu kutimiza sharti hilo, na mara mbili amerudi mjini miguu tu ndiyo iliyolowa. Leo Abizer kaja mwenyewe. Amekaa juu ya gogo la mvinje na viatu vyake miguuni, na ameshasema kwamba hii ni mara ya mwisho. Ikishindikana, mtoto hatorudi tena.

Salhiya, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, anajua nini kitapotea ikishindikana.

Naznin alizaliwa na ugonjwa wa kurithi ambao madaktari huuita sistiki faibrosisi. Makohozi yake ni mazito kama utomvu wa fenesi, hung’ang’ania ndani ya mapafu na kuzalisha maradhi. Chakula hakisagiki tumboni bila ya vidonge. Na jasho lake hutoka na chumvi nyingi kupita kiasi, kiasi kwamba siku ya joto mwili wake unaweza kuishiwa.

“Nikimbusu kipajini alipokuwa mchanga, midomo yangu ikibaki na ladha ya chumvi,” anasimulia Nurbanu. “Bibi yake akisema, ‘Huyu kaoshwa kwa maji ya pwani.’ Tukicheka sote. Hatukujua kama tulikuwa tunauonja ugonjwa.”

Kwa miaka kadhaa mtoto alitibiwa pumu, kisha kifua kikuu. Jina la maradhi yenyewe lilijulikana alipopelekwa nje ya Unguja na jasho lake likapimwa. Hayana dawa ya kuyaondoa, bali ya kuishi nayo: vidonge, mvuke wa kuvuta, kupigwapigwa mgongo asubuhi na jioni ili makohozi yalegee. Na daktari akaongeza jambo ambalo wazazi hawakulitarajia. Akawaambia wamtafutie mwalimu wa kuogelea.

Mwogeleaji huvuta pumzi ndefu na kuitoa yote, alieleza daktari, na mwishowe hukohoa. Kwa mtoto kama Naznin, kukohoa ndiko kunakosafisha kifua.

Ndipo Nurbanu akaelekezwa kwa Salhiya.

Salhiya si mtoto wa mjini. Kwao ni Bwejuu, kusini mashariki mwa kisiwa, na kazi ya kwanza aliyoijua ni kulima mwani pamoja na mama yake. Maji yakipwa wanawake wa huko huingia kwa miguu, hufunga mwani kwenye kamba na vigingi, na maji yakianza kujaa hutoka. Alifanya kazi hiyo mpaka akawa mtu mzima mwenye watoto, na kuogelea hajui.

“Watu wa bara wakisikia hivyo hushangaa,” anasema. “Mtoto wa pwani hujui kuogelea? Lakini sisi bahari ilikuwa shamba. Nani anaogelea shambani?”

Siku moja maji yalimwahi. Alikuwa amechelewa na gunia lake, mkondo ukampokonya miguu, akashika kigingi na kukikumbatia huku akisoma kila dua aliyoijua, hadi jirani yake alipomvuta kwa kanga. Baada ya hapo, yalipokuja mafunzo ya wanawake kijijini, alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Alikuwa na miaka thelathini na mbili. Siku alipoelea kwa mara ya kwanza, anasema, alilia, na machozi hayakuonekana kwa kuwa uso mzima ulikuwa umelowa.

Alipohamia mtaa wa Amani, mjini, na mumewe, Kificho, ambaye hutengeneza mafriji, alianza kufundisha wanawake na watoto Bububu kila maji yanapojaa mchana. Kificho ndiye aliyempa madumu na kuyafunga kamba. Kwa wiki nzuri Salhiya hupata kama shilingi elfu sitini. Asiyekuwa nacho hafukuzwi.

Naznin alipokuja, daktari alimleta na maagizo. Maji yaliyotuama ni hatari kwake, kwa sababu yana vijidudu ambavyo kwa mwingine si kitu, lakini katika mapafu yake huweka makao. Bahari inayotembea haina neno. Hapo Salhiya aligundua kwamba cha kuogopwa pale pwani kilikuwa pipa lake mwenyewe la maji baridi, lililokaa chini ya mvinje juma zima, ambalo watoto wote walichota kwa kata moja kujisuuza chumvi. Pipa likaondoka. Sasa wanasuuzwa kwa mpira wa maji ya bomba kutoka nyumba ya jirani.

Mtoto mwenye mafua hasogei karibu na Naznin. Na kabla ya kuingia majini, Naznin lazima anywe chupa yake ya maji yaliyotiwa chumvi na sukari.

Kikohozi kilileta maneno. Mama mmoja alimtoa mwanawe darasani akidai kuna mtoto wa kifua kikuu. Salhiya alimfuata mpaka nyumbani.

“Nkamwambia, mwenzangu, huyu hawezi kumwambukiza mwanao. Ni mwanao ndiye anayeweza kumwambukiza yeye. Akanitazama kama nimerukwa na akili. Lakini juma la pili mtoto akarudi.”

Kwake yeye kikohozi kile ni rafiki. “Watu wanakiogopa. Mie ndiyo kengele yangu. Nnapowashughulikia wengine, nnakisikia nyuma yangu, najua huyu anapumua, makohozi yanatoka. Kikinyamaza ndiyo nnageuka.”

Kwa miezi mingi mambo yalikwenda vizuri, alhamdulillahi. Naznin aliweza kuelea, kisha kupiga miguu, kisha kwenda bila dumu kutoka kwa mwalimu mpaka kwenye nanga ya mashua iliyo karibu. Usiku alilala bila kuamka. Daktari alipompima pumzi alitabasamu.

Kisha ikaingia Ramadhani, katika joto kali la kaskazi.

Watoto wa rika la Naznin hawajawajibika kufunga. Hata hivyo, Unguja mtoto hujizoeza mapema, leo nusu siku, kesho siku nzima, na akifika magharibi hutamba kwa wenzake. Mahfoudh, mvulana wa miaka kumi katika darasa hilo, alikuwa amefunga tangu mwezi ulipoandama, na hapakuwa na mtu Bububu asiyejua. Alikuja pwani kwa kutazama tu, asije akameza maji. Alipomwona Naznin ameinua chupa yake akapiga kelele:

“Kobe! Kobe mla mchana!”

Kobe ndilo jina wanalotaniwa wasiofunga. Naznin hakukosa jibu.

“Kobe hajui kuogelea! Mie kasa. Wewe ndiye kobe, umekaa mchangani!”

Pwani nzima ilicheka, hata Mahfoudh. Lakini Salhiya aliona kuwa chupa imeteremshwa ingali na maji nusu.

Akafanya ambalo mtu yeyote aliyelelewa kisiwani angelifanya. Mwezi wa Ramadhani mwenye udhuru hula mahali pa siri, na mwenye adabu hamtazami wala hamuulizi. Salhiya akaichukua ile chupa akaiweka nyuma ya ngalawa iliyokuwa imepinduliwa mchangani.

“Nenda kanywe kule, mwanangu. Hakuna atakayekuona.”

Naye mwenyewe akageuza uso. Kila siku ya darasa ikawa hivyo. Mtoto huenda nyuma ya ngalawa, hurudi.

“Ushakunywa?”

“Nshakunywa, mwalimu.”

Nyuma ya ngalawa, Naznin alikuwa akiyamwaga maji mchangani.

Siku ilipotokea ajali, anasema Salhiya, jua lilikuwa kali na bahari shwari. Alikuwa amemshika mkono msichana mdogo anayeanza, anamfundisha kutoa pumzi ndani ya maji. Watoto walikuwa wanapiga kelele kama kawaida. Katikati ya kelele hizo alisikia pengo.

“Nikasikia kimya. Sijui nikueleze vipi. Kelele zote zipo, lakini ile moja haipo.”

Aligeuka. Dumu la Naznin lilikuwa linakwenda peke yake. Mtoto alikuwa hatua chache kutoka hapo, kidevu ndani ya maji, mdomo wazi, macho yametoka. Hakupiga kelele wala hakupunga mikono. Miguu ilikuwa imemkaza. Salhiya alimfikia kabla maji hayajafunika pua, akamlaza juu ya kifua chake na kurudi naye nchi kavu kwa mgongo.

Mchangani mtoto alitapika, akalalamika kichwa na mapaja. Midomo yake ilikuwa imekauka, mtu angedhani hajatoka baharini bali jangwani. Salhiya alimtilia chupa mdomoni.

“Nimefunga, mwalimu,” akasema Naznin kwa sauti ndogo. Alipozidiwa na kiu akanywa. Kisha akamshika mwalimu mkono. “Usimwambie Mahfoudh kama nimekunywa.”

Alilazwa hospitali, akatiwa maji ya mshipa mpaka chumvi ya mwili ikarudi mahali pake. Mwenyezi Mungu akamnusuru. Baba alipotoka wodini alisema neno moja tu: hatorudi baharini.

Salhiya alikaa siku kadhaa hajui la kufanya. Anasema alisali sana, na kila akiinuka kwenye mswala jibu lilikuwa lile lile, kwamba aende. Akaenda dukani Mkunazini siku za mwisho za mwezi, watu wamejaa wananunua lasi na vifungo vya nguo za sikukuu. Abizer alimwona tangu mlangoni.

“Kama umekuja kwa ajili ya bahari, Bi Salhiya, hatuuzi hapa.”

“Nimekuja kuomba radhi kwanza. Bahari baadaye.”

“Mtoto alikwambia kanywa, ukaamini.”

“Sikuamini wala sikukataa, Bwana Abizer. Nilimpa mgongo. Nilidhani nnamsitiri, kumbe nnamfundisha kama dawa yake ni aibu.”

Abizer alikuwa na maneno mengine tayari, lakini mkewe alimtangulia. Nurbanu alikuwa anapima kitambaa, akakiweka chini.

“Na nyumbani je?” alimwambia mumewe mbele ya wateja. “Nani aliyemwambia ale chumbani, mlango ufungwe, kaka zake wasimwone? Si mimi na wewe? Chakula chake chote kilikuwa kinaliwa na paka.”

Hapo, anakumbuka Salhiya, mwanamke mmoja aliyekuja kununua lasi alisema, “Mtihani huu,” akavuta kigoda akakaa, kwa maana hakutaka kukosa mwisho wake.

Mwisho haukuja siku hiyo. Ulikuja baada ya sikukuu, Naznin aliporudi kliniki. Pumzi yake ilikuwa imeshuka. Usiku alianza tena kuamka, kifua kimejaa, kikohozi hakitoi kitu. Daktari aliuliza juu ya kuogelea, na wazazi wakatazamana.

Abizer akatoa sharti lake. Mtoto atarudi, lakini mama yake awe ndani ya maji pamoja naye, tena awe anajua kujiokoa, maana hakuna faida ya kupoteza wawili.

“Kwa nini si wewe?” Salhiya alimuuliza.

“Darasa lako la wanawake na watoto, nitaingia vipi? Halafu mimi nikimtazama Naznin naona mtoto. Mama yake akimtazama anajua kama atalala vizuri au hatolala.”

Salhiya alijua ni kweli. Yeye mwenyewe alikuwa akitegemea sikio moja. Jicho la mama lingemsaidia.

Pwani ya Bububu nayo imebadilika tangu siku ile mtoto alipozidiwa majini. Ngalawa ingalipo, chupa haipo tena nyuma yake. Kila mtoto huja na chupa yake, na wote hukaa kwenye duara, wakanywa wakitazamana, ndipo waingie majini. Mwalimu wa Mahfoudh wa chuo cha Kurani, Ustadh Abdulhakim, alipopata habari, aliwaambia wanafunzi wake kwamba mgonjwa anayekula mchana wa Ramadhani hajaiba kitu cha mtu. Anatumia ruhusa aliyopewa na Mola wake. Mahfoudh alirudi pwani na habari hiyo kama kwamba ameivumbua yeye. Aliomba aonje ile chupa ya chumvi, akatema.

“Hii bahari imetiwa chupani!”

“Mie nainywa kila siku,” Naznin akamjibu. “Wewe kufunga tu ndiyo unajisifu?”

Leo Mahfoudh yumo ndani ya maji na dumu lake, na ndiye anayetoa ushauri mwingi kuliko mwalimu. “Bi Nurbanu, funga macho!” “Bi Nurbanu, usitazame chini!” Salhiya anamnyamazisha kwa kidole.

Mwalimu anatoka mpaka kwenye maji ya magoti, anampa Nurbanu mikono yote miwili. Hamvuti. Anasimama hapo hapo, wanazungumza, ya bei ya kitambaa, ya mtoto wa jirani aliyeposwa. Na wakati wakizungumza Salhiya anarudi nyuma kidogo kidogo. Nurbanu anapogundua, maji yako kiunoni.

“Umenidanganya!”

“Umekuja kwa miguu yako. Sasa laza kichwa hapa kwenye bega langu. Masikio yaingie maji.”

“Masikio! Yataingia maji?”

“Yataingia, yatatoka. Sema bismillahi, jaza kifua, ukae nayo hiyo pumzi.”

Nurbanu anasema bismillahi kwa sauti inayosikika mpaka barabarani. Analala. Mara anajikunja, miguu inakwenda chini, anameza maji, anainuka akikohoa na ushungi usoni. Juu ya gogo, Abizer amesimama.

“Mama!” anaita Naznin kutoka mchangani. “Usikaze shingo! Unaikaza kama baba akihesabu vifungo!”

“Nimetajwa?” anauliza Abizer.

Nurbanu anacheka. Anacheka huku maji yanamtoka puani, na ni katika kicheko hicho mabega yake yanalegea. Salhiya haachi nafasi hiyo ipite. Anamlaza tena, kiganja kimoja chini ya mgongo. Kifua cha Nurbanu kinajaa. Vidole vya miguu vinatokeza juu ya maji. Salhiya anakishusha kiganja taratibu, kisha anauinua mkono wake hewani ili mtu wa kwenye gogo auone.

Wimbi dogo linampitia Nurbanu chini, linamwinua na kumshusha, naye yuko pale pale, macho mbinguni, midomo inacheza kwa dua.

Abizer ameshateremka mpaka ukingoni, na maji yameingia ndani ya viatu vyake.

“Nenda,” anamwambia binti yake.

Naznin hakimbii. Anakaa kwanza mchangani, anaifungua chupa yake, anakunywa mpaka tone la mwisho mbele ya watu wote. Ndipo anaingia, na dumu analiacha nyuma.

Salhiya anaeleza mipango yake huku watoto wanasuuzwa kwa mpira. Kusini, Makunduchi, kuna mvulana anayeitwa Hamad, amejulikana hivi karibuni kuwa na ugonjwa huu huu. Daktari amekwisha kumwonya Salhiya kwamba Hamad na Naznin wasikutane majini wala wasikaribiane, kwa kuwa watoto wawili wa maradhi haya huweza kupeana vijidudu vibaya. Kwa hiyo Hamad hawezi kuletwa Bububu; itabidi mwalimu aende.

“Nitakwenda siku zangu za mapumziko, inshallah. Mama yake ni mkulima wa mwani. Nitaanza na yeye, kabla ya mtoto,” anasema. “Na kabla ya Ramadhani nyingine nataka wawepo kina mama wa kutosha, huku na kule, wenye kuelea na wenye kujua mtoto wa maradhi haya anywe nini na kwa nini. Mie mmoja naweza kuumwa. Naweza kufa. Wao watabaki.”

Nurbanu anapita karibu, anakamua upindo wa gauni lake, macho mekundu kwa chumvi.

“Mwalimu, kesho maji yanajaa saa ngapi?”

“Yatachelewa kidogo kuliko leo. Njoo ukishaswali alasiri, usiwe na haraka.”

Nurbanu anafikiri, kisha anamgeukia mumewe, ambaye amekaa kwenye gogo anamimina maji kutoka ndani ya viatu.

“Basi kesho duka utafunga wewe.”